Kicheko cha Mwalimu wa Kompyuta

Siku ya soko Mwingi, waliouza mbuzi asubuhi walikuwa wamejaa duka la Abdiqani wakichagua simu. Nzisa, katika gauni lake la kitenge cha kijani, alijipenyeza hadi ukutani akashika waya wa projekta, uliobaki peke yake. Ncha ya pili ilikuwa mkononi mwa mwanamume mwenye shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi hadi likasimama.

"Dada, huo nimeutangulia."

"Umeutangulia kwa macho. Mimi nimeushika."

Mwanamume akacheka kicheko kirefu cha kukatika-katika, hata wenye mbuzi wakageuka.

"Wewe ni mwalimu. Hakuna mwingine anayegombania waya hivi."

"Nafundisha afya, gredi ya saba na ya nane. Shule ile ya barabara ya Garissa."

"Haki? Mimi Musyimi. Naripoti huko Jumatatu, kufundisha kompyuta. Basi waya ni wetu."

Ukawa wao kweli. Kabla muhula haujafika katikati, Musyimi alikuwa akimpigia Nzisa kila jioni. "Daktari wangu, umekula?" "Nimekula, msumbufu wangu. Kata simu nisahihishe vitabu." "Kata wewe." Na hakuna aliyekata.

Ismahan, mwalimu wa sayansi aliyekaa nyumba moja na Nzisa, aliwasikia kupitia ukutani akatabasamu. Asubuhi alimwachia rafikiye anjera mezani, mkate laini wa kwao Wasomali.

Siku moja Nzisa alifundisha gredi ya nane. Aliinua sodo juu ili wavulana wazoee kuiona. Kisha akawaeleza wasichana namna ya kukagua matiti kama yana uvimbe. "Usiogope mwili wako," alisema. "Uguse, uujue." Ismahan alikuwa ameketi nyuma, simu mkononi. Musyimi alikuwa dirishani akitengeneza projekta.

Jumapili maneno hayo yalikuwa katika simu za mji mzima, kwa video. Somo lilikuwa limekatwa, likabaki "uguse, uujue", na wimbo wa klabu chini yake. Mchungaji aliyataja madhabahuni. Wazazi walikuja shuleni, mama mmoja akamtemea Nzisa mate viatuni. Nzisa alikuwa mwalimu wa mkataba. Mwalimu mkuu alimwambia afungashe.

"Nani amenifanyia hivi?" alilia kwenye simu.

Musyimi alishusha sauti. "Mpenzi, sitaki kutaja mtu. Lakini nani alikuwa nyuma na simu?"

Kesho yake Nzisa alisimama katikati ya ofisi ya walimu. "Ismahan, kama somo langu lilikuchoma ungeniambia! Nyinyi watu mnakuja hapa na kujifunika kwenu, kumbe chini ni unafiki!"

Hakuna mwalimu aliyeinua uso. Musyimi naye alitazama chai yake.

"Nimezaliwa Mwingi, Nzisa," Ismahan alisema. Basi.

Nzisa alirudi kwao Kibwezi, akawa anamwagilia vitunguu katika shamba la babake kando ya mto. Video ile hakuwahi kuitazama, hakuweza. Musyimi alimfuata kwa simu, kisha kwa miguu, kisha kwa ahadi: angeleta mbuzi wa ntheo, wa kumposa kama Mkamba anavyoposwa. Nzisa aliona Mungu amemfuta machozi.

Wiki ya ntheo alikuwa saluni akisukwa. Msichana wa kiti cha pili alifungua simu akacheka. Nzisa akasikia sauti yake mwenyewe: *uguse, uujue*. Halafu, humo humo kwenye video, kicheko kirefu, cha kukatika-katika, karibu na simu iliyorekodi kuliko sauti ya mwalimu.

Hakumpigia Musyimi. Alimwacha aje.

Alikuja na wajomba, mamake na mbuzi watatu kwenye pikapu. Nzisa alitoka na gauni jeupe la lesi. Babake, Mzee Munyao, akauliza kama ilivyo desturi: "Nzisa, hawa unawajua? Tupokee mbuzi wao?"

"Kwanza Musyimi awaonyeshe wazee video aliyonipiga darasani."

Musyimi akakauka. "Nzisa, mpenzi... si hapa."

"Mimi ulinionyesha kila mahali."

Mamake Musyimi aliufunika uso kwa leso. Kijana akapiga magoti vumbini na suti yake mpya. "Ilikuwa mzaha! Niliwatumia marafiki tu. Iliposambaa niliogopa kukupoteza."

"Ukanipa Ismahan nimlaumu."

Nzisa alimtazama akajua bado anampenda, na hilo ndilo lililomfanya aongee kwa sauti, kila jirani asikie: "Baba, rudisheni mbuzi. Huyu si mume, ni mwoga."

Kisha alikwenda nyuma ya jikoni akapiga simu Mwingi.

"Ismahan, ni mimi. Haikuwa wewe. Nimejua."

"Mimi nilijua ni nani siku ile ile. Kicheko chake nakijua, lakini ungeniamini?" Sauti ilikuwa tulivu. "Watoto huku wananiita kamera. Walimu wakiniona wanaondoka na vikombe vyao vya chai."

"Nisamehe, dada yangu."

"Wallahi nimekusamehe. Mungu anataka tusameheane. Lakini namba yangu uifute."

Simu ikakatika. Mbele ya nyumba mamake Nzisa alikuwa anamwita aje awaage wageni. Nzisa akaifuta namba kama alivyoambiwa, kisha akagundua kwamba anaijua kwa kichwa.