Printa Iliyotoka Ziwani

Bosi Shigela alinikuta nimeingia chini ya meza ya mhazili wake, makalio yanatazama mlango, nanusa sakafu kama mbwa. Nilikuwa natafuta soketi. Mtu mzima niliyefunga printa Kigoma, Bujumbura mpaka Lubumbashi, nikajigonga kichwa wakati wa kumwamkia.

"Soketi iko ukutani, mzee," akasema, akaenda zake.

Sikumwambia nilichokuwa nanusa. Chini ya printa yake sakafu ilikuwa imelowa na kunuka matope ya ziwani, wakati mvua haijanyesha.

Ilikuwa mwaka tisini na saba, Nyakato, kule ziwani, inafungua viwanda vya minofu ya sangara kila ukigeuka. Nilitumwa kutoka Dar na laptopu nzito kama tofali, nikague vyumba vya baridi vya Shigela na ripoti niichape hapohapo. Mhazili, Teodora, alikuwa amembeba mgongoni mwanawe Favour, mtoto wa miaka mitatu, mkubwa wa kutembea mwenyewe. Masikioni amemtia pamba.

"Anaumwa masikio?"

"Haumwi. Sitaki asikie."

Akanisimulia kwa kunong'ona. Kasha la printa hiyo lilianguka ziwani likishushwa kwenye boti. Mumewe, Okwach, akalizamia. Kasha lilionekana asubuhi linaelea. Okwach hakuonekana. Bosi akaianika printa juani, ikafanya kazi, na tangu siku hiyo kuna mtu anabisha hodi kwa sauti ya Okwach.

"Bibi mmoja wa Buswelu anayetibu mambo haya anasema si Okwach. Ni jini, anatafuta pa kukaa. Atakayemkaribisha ndiye ataondoka naye. Nikimwacha mtoto nyumbani, anabisha hukohuko, na mtoto anadhani ni baba yake. Akiitikia tu, nimempoteza. Na wewe, mzee, ukisikia hodi, nyamaza mpaka umwone mtu."

Nikacheka. Nikamwambia kwetu Dar jini akikosa nyumba anapanga chumba Manzese.

Yeye akamkaza mtoto pamba masikioni.

Nikaingiza diski ya printa. Laptopu ikauliza kama hii ndiyo iwe printa yangu ya siku zote. Nikabonyeza ndiyo, waya bado nimeushika mkononi, sijauchomeka popote.

Printa ikaanza kuvuta karatasi. Zikatoka nyeupe, zimelowa, zinachuruzika maji, na wadudu wa ziwani wakajibandika dirishani mpaka chumba kikawa giza mchana kweupe, na harufu ya matope ikanipanda hadi kooni, na Favour akaanza kuzing'oa pamba masikioni huku anatabasamu kuelekea mlango usio na mtu, na mama yake anamshika mikono, analia bila sauti, na hapo, nyuma ya kisogo changu, taratibu, kama mgeni mwenye adabu zake, sauti ya mwanaume ikasema, "Hodi."

Mtoto akafungua kinywa.

Sasa, mimi mama yangu alinilea. Mtu akibisha, unamjibu. Kabla sijafikiri neno lilikuwa limeshaniponyoka.

"Karibu ndani."

Printa ikanyamaza. Wadudu wakabanduka. Teodora alinitazama kama mtu anayemuaga msafiri stendi.

"Asante, mzee," akanong'ona.

Nilirudi Dar. Wiki ya pili nikampigia Teodora simu ofisini. Nikamwambia laptopu inatoa maji, nimeitupa jalalani na asubuhi nimeikuta kitandani. Nikamwambia kwamba jana, nimekaa mezani na mke wangu tunakula, mlango ulibishwa hodi, na sauti iliyobisha ilikuwa yangu, na mke wangu alinitazama mimi, akautazama mlango, kisha akainuka polepole kwenda kufungua, nikamziba mdomo kwa mkono wenye mchuzi. Leo ameamka amejitia pamba masikioni. Nikamwomba anielekeze kwa yule bibi wa Buswelu, nipande treni kesho.

Nyuma yake nikamsikia Favour anacheka.

"Ulimkaribisha wewe, mzee," akasema. "Usirudi naye huku."