Ngumi ya Chepkemei

Januari ya 2006, duka la sare mjini Kitale lilijaa wazazi hadi mlangoni. Wanjala, mwalimu kutoka Bungoma, alipenya katikati yao huku shati likiwa wazi kifuani, kifungo mkononi. Chepkemei, fundi wa duka, gauni la kijani na utepe wa kupimia shingoni, alimshonea kifungo shati likiwa mwilini.

"Usipumue, mwalimu. Nitakudunga."

"Nidunge tu. Nitapata sababu ya kurudi."

Akawa anarudi kila Jumamosi, na jioni ni simu na kumwita malkia. Ila Chepkemei alimficha jambo moja: vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vinajikunja kiganjani. Daktari alishamwambia vitazidi. Makasi yalianza kumshinda, na hilo lilimchoma roho, maana kazi yake yote ilikuwa vidole.

Aprili, Wanjala akampeleka kwao. Mama mtu alitoka jikoni akijifuta mikono, akamnyooshea kiganja. Kwa aibu ya vile viwili, Chepkemei akakunja vidole vyote, akakigusa kiganja kwa ngumi. Mgeni alipoondoka, mama akamlalamikia mwanawe.

Jioni simu ya Chepkemei ikalia; alikuwa Wanjala.

"Ati umempigia mama gota, salamu ya ngumi, kama makanga wa steji ya matatu? Si ungempa mkono tu?"

Mkono wa kupeana ndio hakuwa nao. Alikata simu, na kwa wiki tatu hakuipokea tena. Hasira zake zilikuwa kwa Wanjala, kwa vidole, kwa kila kifungo kilichomchukua robo saa.

Wiki ya nne Wanjala akaja mwenyewe, akamkuta dukani akikata kwa mkono wa kushoto, kitambaa kimekwenda kombo, machozi yakimtoka. Akaushika ule wa kulia, akajaribu kuvinyoosha vidole.

"Hapo ndipo mwisho," Chepkemei akasema. "Mwakani vitakunjika zaidi. Nimechoka navyo, na nimechoka kuvificha."

"Si ungeniambia?"

"Ungenihurumia."

"Huruma ni ya wanafunzi wangu. Wewe nataka kukuoa."

Wakarudi Bungoma. Mama alinyoosha kiganja, uso mkavu. Chepkemei akafungua vidole vitatu, viwili akaviacha vilivyo.

"Mama, hivi havifunguki."

Mama alivipapasa polepole, kisha akaushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili.

"Sasa umenisalimia," akasema, na hakuuachilia mpaka walipofika jikoni.