Tezi Iliyojificha Kifuani

Kila alipotoka shule, Chiriku alimtungia mama yake uzi kwenye sindano ya cherehani. Walimwita Chiriku kwa sababu alikuwa hafungi mdomo. Zamani mama, fundi nguo hodari, aliutunga uzi mwenyewe huku akipiga soga na wateja. Sasa alikuwa hoi. Mifupa ilimuuma, mawe ya figo yalimrudia kila mara, na alisahau hata vipimo alivyochukua muda huo huo.

"Mama, siku hizi unanishinda kwa uvivu," Chiriku alimtania. Mama hakucheka.

Hospitalini, damu yake ilikutwa na kalsiamu nyingi kupita kiasi. Daktari mpasuaji aliwachorea shingo ya mtu kwenye karatasi.

"Hapa tuna vitezi vidogo vinavyosimamia kalsiamu ya damu," alisema. "Kimoja chako kimeota uvimbe. Kwa kawaida si saratani, ila kinaitoa kalsiamu mifupani bila kupumzika. Dawa yake ni kukiondoa."

Siku ya upasuaji, Chiriku na baba walingoja nje. Daktari alipotoka, alivua kofia akakaa nao kwenye benchi.

"Nimetafuta shingo nzima, sikukipata," alisema. "Mama ameamka salama, lakini ugonjwa bado anao. Nimeshamwambia mwenyewe."

"Yaani umemkata bure!" Chiriku alifoka, machozi yakimlengalenga.

Baba alimshika mkono, ingawa naye alikuwa amefura kwa hasira.

"Una haki ya kukasirika, mwanangu," daktari alijibu. "Kwa watu wachache kitezi hukaa mahali pasipo pake. Nitakitafuta kwa picha za aina nyingine."

Picha hizo zilionyesha kitone nyuma ya mfupa wa kifua, si mbali na moyo. Chiriku aliogopa mno. Baba alitaka wahamie hospitali nyingine, lakini mama, sauti ikiwa bado inakwaruza tangu upasuaji, alikataa katakata.

"Atanipasua yuleyule, baba watoto. Nimeshaamua."

Safari hii, baada ya upasuaji wa pili, daktari alitoka akitabasamu kwa uchovu. Uvimbe ulikuwa umetoka, na damu iliyopimwa papo hapo ilithibitisha hivyo. Baba alilia mbele za watu.

Mama alipopata nafuu na kurudi kwenye cherehani, Chiriku alishindwa kuvumilia.

"Mama, mbona ulimkubali mtu aliyeshindwa?"

Mama alisimamisha cherehani.

"Angeweza kuniambia kazi imekwisha vizuri, mwanangu. Ningemshukuru na kurudi nyumbani, mifupa ikiendelea kuliwa mpaka ivunjike. Lakini alinitazama usoni akasema ameshindwa. Kwa hiyo aliposema sasa anajua kitezi kilipo, nilimwamini. Nawe ukishindwa jambo, Chiriku, sema mapema. Ukificha, anayeumia ni yule aliyekuamini."

Chiriku aliitikia kwa kichwa, akamsogezea mama kitambaa kilichofuata.