Kijiti cha Mwero

Jua lilikuwa linakaribia kutua Kadzo alipochukua kibuyu cha pombe ya mnazi, bakuli la uji wa mtama na kipande kipya cha kaniki, akamwambia bintiye Jemima asiuache moto uzimike. Alikuwa anakwenda kuzungumza na mumewe. Mwaka wa kumi na nane huo alikuwa akienda, na watu wa kijiji kile cha juu ya Kombani walikuwa wameshamzoea, kama wanavyomzoea mtu mwenye chongo.

Mume mwenyewe, usishangae, alikuwa kijiti. Kijiti cha mti mgumu kisichopita goti, kimechongwa kichwa na shingo, kimesimikwa kando ya kichaka nyuma ya boma. Ndiyo desturi ya huku bara ya Kwale. Mtu akifa, koma wake, yaani roho yake, hupewa mahali pa kukaa, akavishwa, akanyweshwa, akapewa habari za nyumbani. Koma asiyepewa habari hukasirika, na hasira zake huwaangukia watoto.

Mwero alichukuliwa na Keya, jeshi la Waingereza, kwenda kupigana Burma wakati Kadzo ana mimba ya miezi minne. Vita vilipokwisha wenziwe walirudi na makoti yao makuukuu, yeye hakurudi. Mmoja wao alisema meli yake ilizama. Jemima, ambaye wakati huo ndio kwanza ametimiza miaka mitatu, alikuwa haishi homa, na mganga akasema babaye ana kiu huko aliko. Basi Tsuma, mdogo wake Mwero, akaenda njia panda na wazee wawili. Wakatandika kaniki chini, wakamwita marehemu kwa jina lake mara saba. Mara ya saba panzi mweusi akaruka, akatua katikati ya nguo. Wakamfunga humo upesi upesi, wakamzika nyuma ya boma, wakasimika kijiti juu yake.

Homa ya mtoto ikaisha siku ileile. Nani angekuwa na shaka?

Baadaye Tsuma alitaka kumrithi mjane, kama ilivyo ada. Kadzo alimkatalia kwa adabu. Mume ninaye, shemeji, alimwambia, yuko pale nyuma. Tsuma alicheka, lakini Kadzo hakuwa anatania. Kila jioni ya Ijumaa alimhadithia Mwero mambo ya shamba, mbuzi aliyezaa, jirani aliyenuna. Akirudi asubuhi hukuta uji umeliwa na bakuli limefunikwa juu chini. Watu walisema ni mbwa. Mbwa gani huyo anayefunika bakuli akishakula?

Na usiku mwingine Mwero alimjia ndotoni, kijana vilevile, akamsifu kwa uji.

Jioni hii, hata hivyo, Kadzo hakwenda kwa mazungumzo. Alikwenda kuomba. Jemima alikuwa na miaka ishirini na mmoja na hajaolewa. Mchumba wa kwanza, Baya, aliumwa na nyoka njiani siku ya kuja kuposa. Wa pili, Ziro, alifika mpaka uwanjani, akamwona Jemima amekaa mkekani, akauliza yule mwanamume aliyekaa ubavuni pake ni nani. Hapakuwa na mwanamume. Ziro aligeuza pale pale, wala hakurudi. Sasa kulikuwa na Shutu, karani wa soko la Kombani, mtu mpole, naye atakuja Jumamosi na wazee wake. Lakini Jemima mwenyewe alikuwa ameanza kusema hataki kuondoka. Baba atabaki na nani, alisema, tena kwa sauti ya kawaida, huku anapepeta mtama.

Neno hilo ndilo lililomtoa Kadzo nyumbani jioni hii. Mtoto hakuwahi kumwona babaye.

Akapiga magoti, akamimina mnazi, akafunga kaniki shingoni mwa kijiti.

"Mwero, mwenzangu," alinong'ona, "mwachilie mtoto. Mimi nitabaki nawe."

Kichaka kilikuwa kimya. Hata nyenje walikuwa wamenyamaza...

Kisha mtu akakohoa.

Nyuma yake.

Kadzo hakugeuka. Alisikia majani makavu yakikanyagwa, hatua moja nzito, moja nyepesi, kama ya mtu anayechechemea. Alisikia harufu ya tumbaku na jasho la safari.

"Kadzo," sauti ilisema. "Nimeambiwa njiani utakuwa huku. Usiogope."

Aligeuka. Alikuwa mzee mwembamba mwenye mvi, koti la kijeshi limemchakaa mwilini, mguu mmoja umeinuliwa kwa sababu ya mwiba. Kisigino kilikuwa kinatoka damu. Kadzo aliitazama ile damu kwa muda mrefu kuliko alivyoutazama uso, maana wafu hawatoki damu. Halafu akautazama uso. Miaka ilikuwa imeufinyanga upya, lakini kovu la nyusi lilikuwa pale pale.

"Meli yako ilizama," alisema.

"Meli ilizama. Mimi nilikuwa nimeachwa hospitali."

Akaeleza kwa maneno machache, macho chini. Baada ya vita aliteremkia Dar es Salaam, akapata kazi ya mkonge huko Tanga, akapata na mwanamke. Aliona haya kurudi, kisha haya ikawa mazoea. Mwanamke alikufa mwaka jana. Uhuru ulipokuja na bendera ikapandishwa, alisikia moyo unamwambia kwao ni kwao.

Hasira zilimpanda Kadzo. Miaka ishirini na moja! Yeye analima peke yake, analea peke yake, anamkatalia shemeji, kumbe mwenziwe yuko Tanga, safari ya siku mbili, anapikiwa. Alitaka kumpiga kwa kibuyu.

"Ulizaa nini?" Mwero aliuliza.

Hata hilo hakulijua.

"Msichana. Jemima. Jina alipewa na watu wa misheni."

Mwero alilitamka jina lile polepole, kama mtu anayeonja chakula kigeni. Kisha akaona kijiti, mnazi uliolowesha mchanga, kaniki mpya.

"Na huyu ni nani?"

"Wewe," Kadzo alisema.

Kadzo alimhadithia yote, njia panda na panzi, uji na bakuli, ndoto. Aliposema kwamba kijana wa ndotoni alikuwa na sauti yake, Mwero aliacha kujifuta damu.

"Kadzo, mimi nilikuwa hai. Mliniita, na mimi sikuitika. Nani aliyeitika?"

Jua lilikuwa limekwisha kuzama. Kadzo alihisi haja ya kuchukua bakuli lake na kwenda zake, lakini Mwero, ambaye tangu ujana alikuwa mtu wa pupa, alikwisha kuinama. Alisema hawezi kuzikwa kwao hali anapumua. Kadzo alimshika mkono, akamwomba wamwite Tsuma kwanza. Hakusikia. Alikishika kijiti shingoni, akakivuta.

Kilitoka bila kushindana, kama muhogo kwenye mchanga.

Chini yake kulikuwa na ile kaniki ya zamani, imeoza, imefunguka. Haikuwa na kitu ndani. Ikapanda harufu ya mvua, udongo mbichi kabisa, na wakati huo ni kiangazi cha kukausha visima. Halafu majani yakalala. Hapakuwa na upepo, lakini yalilala moja baada ya jingine, mstari mwembamba, yakielekea...

Nyumbani.

"Jemima," Kadzo alisema, na akakimbia.

Alikimbia kama hakuwahi kukimbia tangu usichana, kanga imemdondoka mabegani, nyuma yake Mwero akichechemea na kijiti mkononi. Walipofika uwanjani moto ulikuwa unawaka vizuri. Jemima alikuwa amesimama mlangoni, mzima, mtulivu, mkononi kata ya maji.

Kadzo alimkumbatia. Mtoto alikuwa na joto la kawaida. Alimtazama yule mzee bila kushtuka, akamwamkia, "Shikamoo," kama anavyoamkiwa mgeni yeyote. Kisha akamwinamia mamaye sikioni.

"Mama, Baba yuko ndani. Ameingia sasa hivi. Anauliza umekuja na nani."

Nyumba haikuwa na taa. Ndani ya giza kitanda cha kamba kililia, kama kinavyolia mtu akijigeuza.

"Kadzo," kulitoka sauti mle ndani. "Mbona umechelewa?"

Ilikuwa sauti ya Mwero. Si ya huyu aliyesimama kando yake, iliyokwaruzwa na tumbaku na vumbi la mkonge. Ilikuwa sauti ya yule kijana aliyeondoka, laini, yenye kicheko kwa ndani. Na aibu ya Kadzo, ambayo hakumwambia mtu hata siku moja, ni kwamba moyo wake uliruka kwa furaha kabla haujaogopa.

Alimpeleka Jemima kwa Tsuma, boma la pili tu, mbio. Tsuma alipotoka na kumwona kakaye alikaa chini mavumbini. Alipoonyeshwa kijiti alikataa kukishika. Yeye ndiye aliyeita, yeye ndiye aliyefunga kaniki, na maji yaliyomwagika hayazoleki. Alisema analojua ni moja tu, nalo alilisikia kwa wazee walioongoza shughuli ile, ambao sasa wote ni marehemu. Kijiti kikishatolewa lazima kirudishwe kabla ya mwezi kupanda, na lazima kiwe na mwenyewe, roho ya kukaa ndani yake. Kisipopata mwenyewe, aliyekuwa humo huchagua mtu wa nyumba ile, akakaa naye.

Hakuna aliyeuliza atamchagua nani. Wote walimtazama Jemima.

Mwero alisimama akisugua kile kijiti kwa kidole gumba. Alimtazama bintiye, huyu mwanamke mzima aliyemwamkia kama mgeni. Labda alitafuta neno la kumwambia.

"Mimi ndiye babaye," alimwambia Kadzo. "Ngoja niongee na huyo aliyemo ndani."

Walimwacha Jemima pale, wakarudi kwa Kadzo, Mwero akaingia ndani ya nyumba, akaufunga mlango.

Kadzo na Tsuma walibaki uwanjani. Walisikia minong'ono. Sauti mbili, moja ya kukwaruza, moja laini, zikipokezana kwa adabu kama watu wanaopanga mahari. Mara kicheko kidogo. Mara kimya... Kisha minong'ono tena, lakini sasa Kadzo hakuweza kutenganisha ipi ni ipi. Kisha ikabaki moja.

Mlango ukafunguka.

Alitoka mzee mwembamba mwenye mvi na koti la kijeshi, kijiti begani. Hakumtazama mtu. Alipita moja kwa moja hadi kichakani, wakasikia jiwe likigonga mti, mara saba. Aliporudi mwezi ndio ulikuwa unachomoza.

"Yamekwisha," alisema. "Mtoto ataolewa."

Na kweli aliolewa. Shutu alikuja Jumamosi na wazee wake, hakuna aliyeumwa na nyoka, hakuna aliyeuliza swali la ajabu. Mwero alikaa mahali pa baba, akapokea mnazi kwa mikono miwili, akatoa idhini yake. Jemima alikwenda Kombani akicheka, na habari ya babaye kubaki peke yake haikutajwa tena. Kadzo alilia kwa furaha mpaka wanawake wakamtania. Watu walisema kuishi kwingi ni kuona mengi, mume kurudi kutoka baharini baada ya miaka yote ile. Tsuma peke yake hakuja kuwatembelea mara nyingi. Alikuwa akimwamkia kakaye kwa mbali, akapita.

Mwero alikuwa mume mwema. Aliezeka paa, alichota maji bila kutumwa, jambo ambalo wanaume wenziwe walimcheka nalo. Usiku alilala kimya. Hakuzungumzia Tanga kabisa, na Kadzo akiuliza alisema yaliyopita si ndwele.

Ilikuwa jioni moja baada ya mavuno. Walikuwa wamekaa ndani, Kadzo anachambua mbaazi, Mwero anasuka kamba. Habari zilikuwa zimekuja kwamba Jemima ana mimba, na walikuwa wakicheka, wakimfikiria mtoto atakuwa mkorofi kama mamaye.

"Atakuwa mkorofi tu," Mwero alisema. "Unakumbuka alipojificha juu ya uchaga wa mtama, akalala huko mchana kutwa? Ana miaka sita. Ulikaa kwenye jiwe la kusagia, ukalia, ukanitukana mimi. Ulisema heri ungeolewa na punda."

Akacheka, kicheko cha ndani, laini.

Kadzo aliacha kuchambua. Siku ile alikuwa peke yake nyumbani. Maneno yale aliyasema kwa kunong'ona, na kwa aibu hakumsimulia mtu. Au alimsimulia? Miezi hii walikuwa wamezungumza mengi. Mtu husema mambo usingizini. Alitafuta katika kumbukumbu zake siku aliyomwambia, akatafuta tena, hakuipata.

Alimtazama. Mwero aliendelea kusuka, ametulia, kovu la nyusi limeng'aa kwa mwanga wa kibatari. Kadzo alijua kwamba neno moja tu lingetosha. Angemwuliza jina la yule mwanamke wa Tanga. Angemwuliza hospitali aliyoachwa ilikuwa ya mji gani. Lilimfika kwenye ncha ya ulimi.

Akawaza miaka ishirini na moja. Akawaza ni nani aliyemsikiliza katika miaka hiyo, na ni nani aliyekuwa Tanga.

Alipepeta mbaazi zake, akamwuliza kama atakula sasa au baadaye. Mwero alisema sasa. Kadzo akainuka akaenda kufunga mlango, akaukomea kwa ndani, akarudi kumpakulia mumewe chakula.