Namba Iliyolinda Mioyo

Kipasuanamba cha Tabora kilijaza chumba kizima, kikipozwa kwa hewa iliyogeuzwa kimiminika. Kazi yake ilikuwa moja tu: kupokea namba kubwa na kutafuta namba tasa mbili zilizozidishwa kuizaa. Mhandisi Kalunde Mihayo alikitumia kupima makufuli ya jiji, maana siku hizo kila kufuli lilikuwa namba ya aina hiyo. Kuzidisha ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kurudi nyuma kutafuta vigawo, yaani namba zile mbili, huweza kumaliza umri wa vizazi.

Asubuhi hiyo aliingiza namba yenye tarakimu zaidi ya mia sita, inayolinda mioyo-umeme, ile mioyo ya kutengenezwa iliyopandikizwa vifuani mwa wagonjwa. Hakutarajia jibu. Alikuwa bado anakoroga chai mashine iliponyamaza na kutoa vigawo viwili.

Alidhani imeharibika. Akavizidisha, ikarudi namba ileile. Ndipo alipoona kosa. Watengenezaji walichagua namba tasa moja, kisha wakachukua iliyoifuata. Vigawo vilikaribiana mno, hata mtu angetafuta kipeuo cha pili cha namba ile na kupekua jirani yake, angevipata kwa kompyuta ya nyumbani. Na mwenye vigawo angeweza kuzima moyo wowote akiwa popote.

Daktari Mdoe, mkuu wa hospitali ya mioyo, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kubadili kufuli lazima moyo uzimwe, uwashwe upya," alisema. "Vijana watavumilia. Wazee wengine hawataamka. Tukinyamaza je?"

"Mimi nimeliona kosa, Daktari. Na mwingine ataliona."

Waliamua kuanza na mioyo ya toleo la kwanza, iliyopokea amri kutoka mbali zaidi. Mmoja wa waliokuwa nayo ni Mzee Mihayo, baba yake Kalunde. Binti alimkuta barazani akimenya chungwa, akamweleza yote.

"Kumbe miaka yote hii nimelala mlango wazi," alisema mzee.

"Ndiyo, baba."

"Na namba mpya?"

"Vigawo vyake vimeachana mbali. Nimeipima mwenyewe."

Mzee aliliweka chungwa chini bila kulila. "Naogopa, mama."

"Hata mimi."

"Utakuwepo?"

"Nitakuwepo, baba."

Alikuwepo, amemshika mkono. Moyo ulizimwa. Namba mpya ikapokewa, kufuli likafunga sawasawa. Mdoe akatoa amri ya kuwasha, akairudia, akairudia tena. Mkono ukaanza kupoa ndani ya kiganja cha Kalunde.

Aliyefuata alikuwa Bi Mwamvua, muuza vitambaa, aliyekaa kwenye benchi ukumbini. Kalunde alitoka kumwita mwenyewe.

"Mzee aliyetangulia anaendeleaje?" aliuliza Bi Mwamvua.

Mdoe, aliyesimama mlangoni, alimtazama Kalunde na kutikisa kichwa kumkataza asiseme.

"Amefariki," Kalunde alisema. "Alikuwa baba yangu."

Bi Mwamvua aliweka mkono kifuani. Kisha akavua ushungi, akaukunja vizuri, akamkabidhi Kalunde amshikie.