Figo ya Dada na Mkono wa Kinyozi

Kinyozi mmoja alisifika mtaani kwa wembe wake. Ukikaa kwenye kiti chake unasinzia, ukiamka ndevu zimekwisha na huna hata mkwaruzo. Wateja wakambandika jina la Hariri. Jina lenyewe likampanda kichwani, tusidanganyane.

Figo zake zote mbili zilipoacha kufanya kazi, dada yake mkubwa alimpa moja ya kwake. Madaktari waliipandikiza chini ya tumbo, karibu na nyonga. Hariri akapona, akarudi kwenye mkasi wake. Dada naye hakuacha utani. Akipiga simu, hata salamu bado, anauliza: "Mpangaji wangu hajambo? Unamnywesha maji?"

Hariri alipewa vidonge vya kumeza asubuhi na jioni, maisha yake yote. Mwili una askari wake wa kupambana na maradhi, na askari hao hawajui kwamba figo ya dada si adui. Vidonge huwatuliza wasiishambulie. Lakini vidonge hivyo vilimletea jambo: mikono ikaanza kutetemeka. Ilitetemeka kidogo tu, ila kwa kinyozi kidogo hicho ni kingi. Siku moja alimkata mteja wa siku nyingi chini ya kidevu. Mteja akajifuta damu, akamuuliza kama siku hizi anaonja kitu kabla ya kufungua duka. Benchi zima likaangua kicheko. Hariri alicheka nao, huku akitamani ardhi ipasuke immeze.

Angemwambia daktari, shida ingepatiwa njia. Wapi! Aliona haya. Akajipangia tiba mwenyewe: vidonge vya asubuhi akaviacha, akawa anameza vya jioni tu. Siku ya kliniki ikikaribia, anavimeza vyote, kama watu wanavyofagia uani wakisikia mgeni anakuja. Mikono ikatulia. Wateja wakarudi kusinzia. Simu ya dada ikilia, anajibu kwamba mpangaji hajambo, kisha anageuza mazungumzo upesi.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Miguu ilianza kuvimba, viatu vikawa havimwingii jioni. Vipimo vya damu vikaonyesha figo imepunguza kazi. Daktari wake, mama mmoja asiye na papara, akaagiza apigwe picha ya MRI. Hariri akaingiwa na hofu. Alidhani mashine ile humwona mtu mpaka siri zake, na kwamba kila kidonge alichokiruka kitaonekana humo kama pengo la jino. Akaahirisha, akasingizia wateja wengi. Dada alipopata habari alikuja mwenyewe, akamshika mkono mpaka hospitali.

Mpiga picha alimuuliza kama ana chuma chochote mwilini, au kifaa cha kusaidia moyo. Hakuwa nacho. Akamwambia avue saa na mkanda, atoe funguo. Kwenye mfuko wa shati ukatoka wembe mdogo.

"Huu ungechomoka wenyewe mfukoni," mpiga picha alisema. "Hii ni sumaku kubwa, haina mzaha na chuma."

Hariri aliinama, akauliza kwa sauti ya chini: "Itaonyesha dawa nilizomeza?"

"Haionyeshi ulichomeza wala ulichoacha. Inatumia sumaku na mawimbi ya redio, haina mionzi kama eksirei. Tutaona damu inavyofika kwenye figo, oksijeni inavyotumika, mkojo unavyopita, na kama nyama ya figo imeanza kupata kovu. Sababu yake utatuambia wewe."

Hariri alishusha pumzi. Halafu akajionea aibu kwa kufurahi kwamba hatakamatwa. Alilala ndani ya mashine, nayo ikagonga kama mafundi wanaoezeka bati. Akiambiwa azuie pumzi, anazuia. Haikumuuma popote, ila moyo haukutulia.

Baadaye daktari aliwaita wote wawili, akawafungulia picha kwenye kompyuta. Mshipa wa damu uko wazi, alisema, na njia ya mkojo haijaziba. Tatizo liko kwenye nyama ya figo yenyewe. Haipati damu ya kutosha, na upande mmoja umeanza kupata kovu.

"Kovu halifutiki," alisema. "Lakini sehemu kubwa bado nzima, tukiwahi. Je, dawa anameza sawasawa?"

Hariri hajafungua mdomo, dada akamjibia.

"Kwa hilo, Daktari, mimi nitamdhamini. Huyu hawezi kuruka hata kidonge kimoja. Anajua figo hii ilikotoka."

Uso wa Hariri uliwaka. Afadhali angetukanwa. Alitazama sakafu, akasema: "Dada, nimeruka. Nimeruka vingi."

Akaeleza yote, tangu mteja aliyekatwa. Alipomaliza, dada alichukua mkoba wake, akatoka.

Daktari hakumgombeza. Alimwambia mficha maradhi, kifo humuumbua. Kutetemeka kunawapata wengi wanaotumia dawa ile, na kuna namna ya kupunguza kipimo au kubadilisha dawa, mradi daktari ndiye anayebadilisha. Kwa kuwa picha haitaji sababu, walichukua kipande kidogo cha figo kwa sindano. Kikathibitisha kwamba askari wa mwili wameanza kuishambulia. Hariri akalazwa, akatibiwa, akapewa dawa mpya.

Dada alimletea chakula kila siku. Alikiweka mezani, akakaa, akaondoka. Utani hakuna. Ukimya ule ulimuuma Hariri kuliko sindano zote. Alipotoka hospitali aliwaeleza wateja wake ukweli, kwamba mkono unatetemeka kwa sababu ya dawa. Mmoja akahama. Waliobaki wakakubali kunyolewa kwa mashine, wembe akaupumzisha. Vidonge akavimeza asubuhi na jioni, wala hakujificha tena.

Miezi ikapita, akapigwa picha nyingine. Safari hii damu ilikuwa inafika vizuri. Kovu lilikuwa palepale, lakini halikukua. Daktari akawaonyesha kwa kidole. Dada aliliangalia kovu lile kwa muda mrefu.

Walipofika nje, Hariri alishindwa kuinua macho. Alimwomba msamaha, akasema aliogopa kumwambia kwa sababu angemvunja moyo.

"Kinyozi hajinyoi," dada alisema, "na wewe ukajitibu. Lakini si hilo linaloniuma. Nilikupa figo yangu. Ningekunyima masikio?"

 Hariri alilia pale pale barabarani, mtu mzima na ndevu zake, na dada akasimama naye mpaka akanyamaza.