Kostiki Ilipokula Kifuniko cha Injini

Mtaani walimwita Chapuchapu, naye hakukasirika, maana jina lilimkaa sawasawa. Chai aliinywa wima. Viatu alivivaa huku anatembea. Lakini wiki ile, tuseme ukweli, haraka yake ilikuwa na sababu. Binti yake muuguzi alikuwa amepata kazi katika zahanati ya mbali. Jumatatu asubuhi alitakiwa aripoti, tena kwa usafiri wake mwenyewe. Baba alikuwa amemwahidi pikipiki yake ya zamani.

Injini ilikuwa nzima. Rangi ndiyo iliyokuwa aibu tupu, imebanduka huku na kuvimba kule. Chapuchapu aliapa kwamba mwanawe hataanza kazi na kitu cha namna hiyo.

Ijumaa asubuhi mkewe alikwenda sokoni kuuza sabuni anazotengeneza nyumbani. Chapuchapu akabaki uani na pikipiki iliyofunguliwa vipande vipande. Akakwangua kwa kisu mpaka mkono ukafa ganzi. Rangi ikatoka kiasi cha ukucha. Ndipo akakumbuka kostiki, ule unga mweupe mkali ambao mkewe hutengenezea sabuni. Aliwahi kusikia gereji kwamba kostiki hutoa rangi ya chuma. Hilo ni kweli. Tatizo ni kwamba alisikia nusu ya maelezo, kisha akaondoka zake.

Basi alifungua kabati la mkewe. Akajaza maji kwenye ndoo ya plastiki, akatia unga, akatumbukiza kifuniko cha injini. Punde si punde ndoo ikaanza kuchemka bila moto. Povu likapanda. Chapuchapu alifurahi, masikini, akadhani ndiyo dawa inafanya kazi. Akainama aone vizuri. Tone moja likamrukia kwenye kifundo cha mkono, likamchoma.

Wakati huo huo mkewe aliingia uani. Aliona povu, akaona uso wa mumewe juu ya ndoo. Kikapu kikamponyoka.

"Rudi nyuma, baba watoto," alisema. "Usiiname hapo."

Alimvuta mpaka bombani, akauweka mkono wake chini ya maji yanayotiririka. Chapuchapu alidai kwamba maumivu yamekwisha, kwamba yeye si mtoto. Mkewe hakumsikiliza. Alimshikilia hapo dakika ishirini nzima. Kisha akavaa glavu na miwani ya kazi, akakitoa kile kifuniko kwa kijiti na kukisuuza kwa maji mengi. Rangi ilikuwa imetoka, na sehemu ya kifuniko pia. Kilikuwa kimejaa vishimo.

"Miaka kumi unaniona napika sabuni," alisema. "Umewahi kuniona nikitumia sufuria ya alumini?"

Chapuchapu alifikiri. Siku zote zilikuwa ndoo za plastiki. Yeye alidhani mkewe anatunza sufuria zake tu.

"Kostiki inakula alumini. Hilo povu lina gesi inayoshika moto. Na ingekurukia machoni, sasa hivi tungekuwa hospitali."

Chapuchapu aliona aibu, na hofu ikamwingia kwa kuchelewa. Tena Jumatatu ilikuwa inakuja.

Jumamosi walimwita shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi wa rangi. Shemeji alikiokota kifuniko, akakigeuza geuza.

"Hiki kimeugua ndui?" akauliza.

Walicheka wote, hata Chapuchapu mwenyewe. Shemeji akakikagua kwenye mwanga. Hakikuwa kimetoboka. Kingefaa kwa siku chache, mpaka wapate kingine. Halafu akatoa sumaku mfukoni. Akaigusisha kwenye madigadi, lile bati linalofunika gurudumu. Ikanasa. Akaigusisha kwenye kifuniko. Ikaanguka. Inaponasa, alieleza, ni chuma. Isiponasa, huenda ni alumini, na kostiki isiiguse kabisa.

Alikuwa amenunua dawa ya kutolea rangi kwenye duka la rangi. Kwanza alisoma maandishi ya kopo mpaka mwisho, kuhakikisha inafaa kwa metali zote mbili. Chapuchapu alianza kugonga gonga mguu. Walifanya kazi nje, penye hewa, kwa glavu, miwani na mashati ya mikono mirefu. Walipaka dawa nzito, wakafunika kwa nailoni, wakasubiri. Kusubiri huko ndiko kulikomtesa Chapuchapu kuliko tone la jana. Lakini nailoni ilipofunuliwa, rangi ilikuwa imekunjamana yenyewe. Wakaiondoa kwa kipande cha plastiki, bila kutumia nguvu.

Mabaki waliyasugua kwa msasa na maji. Shemeji hakutaka vumbi, kwa sababu rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Maganda yote yakafungwa kwenye mfuko, hayakufagiliwa uani. Tangi la petroli alilichukua akalishughulikie gereji. Hata likiwa tupu, alisema, mvuke wake hulipuka. Vyuma vilivyobaki vilioshwa, vikakaushwa na kupakwa rangi ya kwanza siku ile ile, kabla kutu haijapata nafasi. Jumapili wakamaliza na kuunganisha.

Jumatatu alfajiri binti alitoka akaikuta pikipiki inang'aa uani. Akaizunguka taratibu, kisha akachuchumaa kwenye injini.

"Baba, hapa pamefanya nini?"

Chapuchapu angeweza kusema ni uzee wa chuma. Badala yake alimweleza yote, ndoo na povu na jinsi alivyoinama. Binti alimsikiliza mpaka mwisho. Akaushika ule mkono, akaitazama alama nyekundu kwenye kifundo kama anavyomtazama mgonjwa.

"Kifuniko kitapatikana, baba," alisema. "Macho yako ningeyanunua duka gani?"

Baba alimfungia kofia ngumu kidevuni, akaukagua mkanda, akaukagua tena. Binti alikuwa amewasha injini tayari, lakini baba alikuwa bado anakagua.